Salamu Iliyoleta Kulungu

Nawaandikia ninyi mnaojifunza Kijapani peke yenu, kwenye simu yenye ufa, bando likikatika mwalimu akiwa katikati ya neno. Kabla hamjanipa heshima isiyo yangu, niseme wazi kwamba sijui Kijapani. Najua salamu kadhaa, najua wanyama wengi kuliko inavyofaa, na nina sentensi moja kamili ambayo nimewahi kumwambia Mjapani wa kweli. Ilikuwa ya kukanusha, na ilikuwa ya uongo.

Nimeona wanaotia wenzao moyo huwa ni wale waliokwisha kufika. Wanasimama huko juu wanawaambia walio chini kwamba njia ni nyepesi. Mimi bado niko chini na ninyi. Njia ni mbaya, ila ina vichekesho.

Kijapani sikukianza kwa mapenzi. Sikuvutiwa na chakula chao wala magari yao, ingawa sehemu kubwa ya magari yanayopita Arusha yamezeekea kwao kwanza. Nilikianza kwa sababu ya herufi mbili, r na l.

Nyumbani kwetu Lemara, herufi hizi ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Bibi alikuja nazo hivyo kutoka alikozaliwa, akawarithisha mama na mjomba, na mama akanirithisha mimi bila kuniuliza kama nazihitaji. Sisi kwa sisi tunaelewana vizuri kabisa. Mama akisema nikarare, nalala. Shida huanza nikishatoka getini.

Nikiwa kidato cha pili, kwenye kipindi cha Kiswahili, mwalimu alinisimamisha nisome habari ya uchaguzi wa viranja. Nikasoma kwa sauti yangu ambayo yeye huiita ya mbu, kwamba wanafunzi walipanga mstari tangu asubuhi ili wapige kula.

"Wapige nini?" mwalimu akauliza.

"Kula."

"Rudia."

Nikarudia. Kwa masikio yangu nilikuwa nimesema vilevile alivyotaka, mara zote mbili. Sauti ikatoka dawati la nyuma, ya kijana ambaye huwa haamki mpaka pawe na mtu wa kuchekwa.

"Mwalimu, na sahani ziko wapi?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akageukia ubao akaanza kufuta kitu ambacho hakikuandikwa, mabega yakimtikisika. Tangu siku hiyo nikawa Mpiga Kula. Nami nikaamua kwamba njia rahisi ya kutokosea r ni kutosema kitu chochote, na mwisho wa muhula ripoti yangu ikasema mimi ni mtulivu na nina nidhamu. Ndivyo sifa zinavyopatikana.

Sasa, likizo moja nilikuwa nazungukazunguka kwenye simu, nikakuta video ya mama mmoja wa Kijapani anaeleza kwamba lugha yao haina r na l mbili. Wanayo sauti moja tu, inayokaa katikati, na wao wenyewe wakijifunza lugha za wengine huhangaika kuzitenganisha. Akaitamka. Nikairudisha nyuma nikamsikiliza tena. Ilikuwa sauti ya bibi. Taifa zima linaongea kama bibi yangu, na bado wametengeneza treni. Siku hiyohiyo nikaanza somo la kwanza.

Wenzangu, mtu asiwadanganye kwamba sisi tunaanzia mbali. Yule mama wa kwenye video aliwahurumia sana wanafunzi wake kwa ajili ya irabu. Akazitaja polepole, a, i, u, e, o, kama anayempa mgonjwa dawa. Mimi hizo nilizimaliza chekechea. Maneno yao karibu yote huishia kwenye irabu kama yetu. Kwa siku za mwanzo nilijiona nimezaliwa huko, nikaibiwa.

Halafu yakaja maneno yenyewe. Kwao, mimi ni sikio. Nani ni nini. Kuni ni nchi, na kesho ni kujipodoa. Hai ni ndiyo, si ile wilaya unayoikuta ukielekea Moshi. Yaani walichukua maneno yetu yote ya kila siku, wakayatikisa kwenye gunia, wakayagawa upya bila kuangalia. Na maandishi yao ni ya aina tatu, yote yanakaa katika sentensi moja, kama mtu aliyevaa kanzu, akafunga tai, akajitupia shuka juu. Nilipoyaona mara ya kwanza nilifunga simu nikaenda kuosha vyombo kwa hiari yangu. Mama alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jikoni ndiko nilikokuwa nafanyia mazoezi ya kutamka, kwa sababu mafuta yakichemka hakuna anayekusikia. Siku moja lilikuwa somo la wanyama. Farasi ni uma. Mbwa ni inu. Kulungu, wale wa kwao wenye pembe kama matawi, ni shika. Nikafika kwa dubu.

Wanaojua wameshainamisha vichwa. Kwa wasiojua, jina la dubu kwa Kijapani ni tusi la Kiswahili, lile zito kuliko yote, ambalo silitaji hapa na wala sikulitafuta. Mwalimu wa kwenye simu alilitamka kwa furaha akaniachia nafasi ya kurudia. Nikarudia vizuri, tena kwa kuvuta mwisho, na mafuta yakachagua dakika hiyo kunyamaza. Mama alikuwa nyuma yangu na upawa.

"Umesema nini?"

"Dubu, mama."

"Hukusema dubu."

"Ni dubu kwa Kijapani."

"Na hao Wajapani," mama akasema polepole, "mama zao wako wapi?"

Simu ilihamia juu ya kabati. Ikashuka baadaye kwa maombezi ya mjomba, kwa sharti kwamba Kijapani kiendelee lakini wanyama nisiwaguse tena maisha yangu yote. Mnajua basi kilichotokea. Salamu zikanitoka, namba zikanitoka, ila wanyama niliwajua kama jina langu. Nilikuwa nawataja kimoyomoyo njia nzima ya kwenda shule, nikifika kwa dubu naruka kwa heshima.

Mjomba huyu ni mdogo wake mama, na anakaa chumba cha uani kwetu. Kazi yake ni mgumu. Ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa mlimani, na ukiwaona wanavyopanda Mlima Meru na mizigo ya watu vichwani huulizi jina limetoka wapi. Ila msimu uliopita goti lake la kulia lilianza kulalamika. Akishuka mlima alikuwa anakaa kwenye ngazi ya uani, analikanda na mafuta ya moto, halafu anajifanya alikuwa anatafuta kiatu.

Jioni moja alikuja jikoni amevaa uso wa mtu mwenye habari mbili.

"Shikamoo mjomba," nikamwambia.

"Marahaba. Mwalimu, nimekuuza."

"Kwa nani?"

"Kwa Wajapani."

Ikawa hivi. Kiongozi wa safari zao, mtu asiyecheka, alikuwa anamtafuta mhudumu wa meza, yule anayewapelekea wageni chai na maji ya kunawa badala ya kubeba gunia. Wageni wenyewe walikuwa mzee mmoja wa Kijapani na mke wake, na Kiingereza chao kilikuwa kidogo. Mjomba alisikia neno Kijapani akasahau kufikiri.

"Nikamwambia kwangu kinaongewa," akasema.

"Kinaongewa na nani?"

"Wewe na simu. Mko wawili."

Kiongozi alikuwa amemjibu kwamba basi huyo mpwa aje getini siku ya kuanza safari, awapokee wageni kwa lugha yao. Wakifurahi, mjomba atabaki mezani msimu mzima. Wakinuna, mzigo wake anaujua ulipo.

Nikamtazama mama, nikitumaini atakataa. Mama akatazama goti la mdogo wake lililofungwa kitambaa, akarudi kwenye sufuria. "Utaenda," akasema. "Na wanyama usiwataje."

Tukaanza kusoma. Kama kuna mmoja wenu anayejiona mzito wa kukariri, ningependa amwone mjomba. Hakukubali neno liingie kichwani mpaka kwanza alipatie kazi. Daijobu, yaani uko salama, hakuna neno, lilimshinda mpaka alipoligeuza kuwa dai jibu. "Unamtazama mgeni, unadai jibu. Kwisha." Arigato, asante, likaleta mjadala.

"Ni arigato au aligato?"

"Vyovyote."

"Vyovyote kweli?"

"Kwao ni kitu kimoja."

"Hiyo," akasema, "ni lugha ya watu wenye akili."

Akapenda pia neno lao no, linalofanya kazi ya "ya" yetu, ila wao huanzia nyuma. Chai ni ocha, maji ni mizu. Akanijaribu kwa majina ya njiani. "Maji ya Chai pale barabara ya Moshi, kwao wangepaitaje?" Nikageuza kichwani. Ocha no mizu. Akacheka peke yake mpaka mama akamuuliza kama naye ameshafika kwa dubu.

Kilichotushinda ni salamu.

"Na shikamoo yao ni ipi?" mjomba aliuliza.

Nikatafuta kotekote. Haipo. Asubuhi wanasema ohayo gozaimasu. Mtoto anamwambia mzee, na mzee anamjibu mtoto vilevile.

"Hilohilo?"

"Hilohilo."

"Marahaba hakuna?"

"Hakuna."

Mjomba akaacha kukanda goti. "Sasa mzee anajuaje kwamba yeye ndiye mzee?"

Nikamweleza kwamba wanainama, na mdogo huinama zaidi. Hilo alilikubali, ingawa shingo ya mgumu imezoea kubeba na haitaki kuinama. Alipojaribu, alishuka wima kuanzia kiunoni kama boneti la gari. Mimi niliinama vizuri. Kuinama na kuangalia chini nimefanya mazoezi maisha yangu yote. Lakini swali lake lilinikaa. Niliandaa sentensi nzuri, ohayo gozaimasu, Meru-san e yokoso, yaani habari za asubuhi, karibuni Mlima Meru. Niliisema mpaka ikawa haina maana tena. Na kila nilipoisema niliona kama namsemesha mzee wa watu nikiwa nimekaa juu ya meza.

Siku ikafika. Tuliondoka Lemara asubuhi na mapema na gari la vyakula, tukapita Usa River, tukaiacha lami kuelekea Momella. Mimi nilikaa kati ya trei za mayai na mtungi wa gesi, nimevaa sketi ya shule kwa sababu mama alisema ndiyo nguo yangu pekee yenye heshima ya kimataifa. Sikuwaona twiga. Waliokaa dirishani walisema twiga walikuwepo.

Getini kulikuwa na baridi na ukungu ulikuwa haujaamua kuondoka. Wagumu walikuwa wanapima mizigo kwenye mizani, askari wa hifadhi ameegemea bunduki yake anakula andazi. Wageni wakashuka kwenye gari lao. Mzee alikuwa mwembamba, kichwa cheupe kabisa, darubini inaning'inia kifuani. Mke wake alivaa glavu na alikuwa anatabasamu kwa kila kitu, pamoja na mizani.

Kiongozi akaninyooshea kidole. "Huyu hapa," akawaambia kwa Kiingereza. "Anaongea Kijapani."

Wagumu wakaacha kupima. Andazi likasimama hewani. Lilikuwa darasa lilelile, ila mara hii limebeba magunia. Nyuma yangu nilimsikia mjomba anapumua kama anayepanda mlima, na bado tulikuwa kwenye maegesho.

Mzee akanijia, akasimama mbele yangu, akasubiri.

Nikaitafuta sentensi yangu. Palikuwa peupe. Hata neno la kwanza halikuwepo, hata dubu. Kilichokuwepo ni mzee mwenye mvi, amesimama mbele ya mtoto wa kike mwenye sketi ya shule ambaye hajamsalimia. Mdomo wangu ukafanya kile ambacho mama aliufundisha kabla haujaota meno. Nikainama mpaka nikaona kamba za viatu vyangu, nikasema:

"Shikamoo."

Nyuma yangu pumzi ya mjomba ikakatika.

"Shika mo?" mzee akasema. Akamgeukia mke wake. "Shika mo?"

"Shika mo," mke akakubali, macho yamemtoka kwa furaha.

Mzee akainua darubini, akautazama msitu nyuma yangu, kushoto, kulia, chini kwenye majani. Kisha akaniuliza taratibu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumshtua mnyama:

"Shika? Doko?"

Nilikuwa bado nimeinama wakati maana ilipoanza kuingia. Shika ni kulungu. Mo ni pia. Nilikuwa nimemwinamia mgeni wa nchi hadi karibu na ardhi, nikamtangazia: Kulungu pia. Kama vile yeye amemaliza kuhesabu twiga na nyati wa njiani, na mimi nimetumwa na taifa kukamilisha orodha. Na doko ni wapi. Alikuwa ananiuliza kulungu yuko wapi.

Hapo likatokea jambo ambalo sikujiandaa nalo hata chembe. Nilikuwa nimeelewa. Mtu ameongea Kijapani kwa kinywa chake, simu imezimwa, bando hakuna, na nimeelewa maneno yote. Yalikuwa mawili tu, lakini halikubaki hata moja. Na nililijua la kwanza kwa sababu tu mama alinikataza kulitaja.

"Mwalimu," mjomba akaninong'oneza kwa nyuma, "anadai jibu."

Nikanyanyuka. "Shika wa," nikasema, "imasen." Kulungu hawapo.

Sauti ilitoka ileile ya mbu. Mzee akanisogezea sikio, lile ambalo kwao ni mimi, akakaa hivyo akisubiri. Hakusema rudia, alisogeza sikio tu. Nikasema tena, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mizani. "Imasen."

"Imasen ka," mzee akasema, akashusha darubini kwa huzuni ya kweli. Wakainama wote wawili, yeye na mke wake, nami nikainama, mjomba akashuka kama boneti, tukawa watu wanne tunaotafuta kitu kilichodondoka.

"Wanasemaje?" kiongozi akamuuliza mjomba.

"Wanaongea," mjomba akasema.

"Wanaongea nini?"

"Mambo yao."

Kiongozi akaniita pembeni. Nikamwambia ukweli, kwamba mgeni aliuliza kama kuna kulungu, nikamjibu hakuna.

Akageuka kuutazama msitu. "Humu ndani? Wamejaa humu. Watu wametoka Japani kuja kuona wanyama, unawaambia hakuna?"

Sarufi ilikuwa sahihi. Ni habari tu iliyokuwa ya uongo.

Nikarudi Lemara na gari lilelile, trei za mayai zimeshashushwa, nafasi imebaki tele ya kujutia. Mama aliponiuliza imekuwaje nikasema vizuri. Siku zote walizokuwa mlimani nilikuwa natoka uani, naukuta Meru umejifunika wingu, narudi ndani. Nililiwaza goti la mjomba. Mtu amekaa na maumivu yake kimya, akapata nafasi moja ya kushusha gunia kichwani, na nafasi hiyo akaikabidhi kwa mtu ambaye hata kura hawezi kuipiga.

Alirudi mchana, amechomwa na jua la juu, akakaa kwenye ngazi ya uani. Mama akamletea chai. Nikasimama mlangoni, nusu ndani.

"Chupa imevunjika," akaanza. "Ile kubwa ya chai ya wageni."

Mama akafumba macho.

"Sikilizeni basi. Tunapanda, askari mbele, mzee katikati, mimi nyuma na chupa. Ghafla mzee anasimama. Ananyoosha mkono, ananong'ona: shika, shika." Mjomba akanigeukia. "Sasa mwalimu, mtu mzima kwenye utelezi akikwambia shika, wewe unafanyaje?"

"Unashika," nikasema.

"Nikashika. Kiunoni, mikono yote miwili, nikamnyanyua kabisa. Chupa ikaenda zake bondeni. Mzee yuko hewani, bado ananyoosha kidole. Natazama, kulungu huyo hapo, anatushangaa. Akatushangaa akaridhika akaondoka."

Mjomba alisema aliyeanza kucheka ni mke wa mzee, akacheka hadi akakaa kwenye jiwe. Kiongozi ikabidi awaeleze kwa Kiingereza kwamba kwetu shika ni shika. Na mzee, ambaye kumbe naye alikuwa na goti, akalichukua neno hilo akalifanya mali yake. Kila penye utelezi aligeuka nyuma akasema "shika," mjomba akamshika. Halafu mjomba akadai jibu, "daijobu?", naye mzee akajibu daijobu. Kwa maneno hayo mawili walipanda wakashuka.

"Na mezani?" mama akauliza.

"Mezani nimetolewa. Nimevunja chupa." Akanywa chai bila haraka, ili tuteseke. "Kiongozi anasema kuna wazee wengine wanakuja, na yule mzee amewaambia kwao wamwombe mtu wa kushika. Nitakuwa natembea nao. Mzigo hakuna. Nimemuuliza cheo changu ni nini, akasema mshikaji."

Ilikuwa mara ya kwanza, kwa ushahidi wa mjomba, kiongozi yule kutania, na hakujua kama ametania.

Kulikuwa na mengine. Wakiwasindikiza wageni uwanja wa ndege, mjomba alikiona kibao cha Maji ya Chai, akanyoosha kidole akasema, "Ocha no mizu." Mzee na mke wake wakashikana mikono wakacheka mpaka machozi. Kumbe katika mji wao kuna mahali panaitwa hivyohivyo, na mke wa mzee alisomea hapo enzi za usichana wake. Wakaomba gari lisimame, wakapiga picha na kibao. Dereva alidhani wamepotewa na akili kwa sababu ya hewa ya mlimani. Mimi ile nilikuwa nimeitunga jikoni, nikijua nacheza.

"Na wewe umetumiwa salamu," mjomba akasema. Akaweka kikombe chini, akakaa wima, akalisema kwa uangalifu kama anayebeba mayai. "Shika, imasu. Mzee alinitaka nirudie mara nyingi nisikosee. Maana yake nini?"

Kulungu wapo. Alikuwa amenisahihisha. Hakugusa matamshi yangu wala r yangu, ambayo hata hivyo haikuwemo. Alichosahihisha ni habari.

Basi, wenzangu, hivyo ndivyo nilivyo fasaha. Darasani bado naitwa Mpiga Kula. Juzi mwalimu aliuliza nani atasoma, na msidanganyike, sikunyoosha mkono. Ila aliponiita nilisoma kifungu mpaka mwisho, pamoja na kula zake zote, na yule wa dawati la nyuma alipouliza sahani nikasubiri amalize, nikaendelea. Mkikosea, koseeni mbele ya mtu anayesogeza sikio. Hawapatikani kila mahali, lakini hamtawajua mkiwa mmenyamaza.

Mjomba sasa anasoma kwa bidii kuliko mimi. Jana alikuja jikoni na kiti chake, akakaa karibu na jiko, miguu imenyooshwa.

"Mwalimu, wageni wapya wanakuja. Nataka wanyama wote. Sitaki kuulizwa mnyama nikakosa."

Mama alikuwa anakoroga mchuzi. Upawa ukasimama.

Nikasema tuanze na farasi.